Jinzi Moja na Kifungo Chekundu

Kila siku ya masomo, saa saba mchana, Blandine alifika nyumbani, akavua blauzi nyeupe na sketi ya buluu ya shule, akazitundika kwenye msumari wake ukutani, kisha akavaa jinzi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na jinzi moja. Watoto wa barabara yao, hapo Likasi, mji wa migodi ya shaba, hawakushangaa tena kuiona jinzi yenyewe. Walichongojea ni kujua leo ataivaa na nini.

Jumatatu aliivaa na shati la kaki la baba yake, mikono imekunjwa mpaka juu ya kiwiko, ncha za mbele zimefungwa fundo kiunoni. Jumanne shati lilelile aliliacha wazi kama koti, na ndani yake fulana nyeupe. Jumatano alitoka na blauzi ya kitenge chenye maua ya manjano, na kipande kilichobaki cha kitenge hicho akakipitisha mahali pa mkanda. Hata miguu ya jinzi haikukaa bure: siku ya vumbi aliikunja juu ya kifundo cha mguu, viatu vya kamba vionekane, siku ya kwenda kutembelea watu aliishusha na kuinyoosha kwa pasi ya makaa. Wapita njia walidhani binti huyu ana sanduku zima la nguo.

"Blandine!" Jessy, jirani yake na mwanafunzi mwenzake, alimwita kutoka ng'ambo ya ua. "Ile jinzi haichoke? Iko moja tu, kila siku inatoka!"

"Jinzi iko moja," Blandine alijibu huku akizunguka ili aonekane vizuri pande zote, kisha akajigusa kifua, "lakini minye niko saba."

Jessy alicheka mpaka akashika ua.

Ujuzi huo Blandine hakuuokota njiani. Alifundishwa na Tantine Julie, dada mdogo wa baba yake, fundi cherehani aliyekuwa akikaa nao. Jinzi yenyewe ilitoka kwenye mitumba. Ilikuwa ya mwanamume mnene, na Tantine Julie aliifumua yote, akaikata upya kwa kipimo cha Blandine.

"Angalia kwanza kiuno," alimwambia siku ya kuijaribu, pini zikiwa mdomoni. "Kiuno kikikaa sawa, juu utavaa unachotaka. Ukivaa kitu kipana juu, chini pabane kidogo. Ukivaa kifupi, ficha kiuno na kitambaa. Na rangi usizipiganishe. Ukivaa maua, vingine vyote vinyamaze."

Mwaka ule wa 1995, watu waliokuwa na haja ya maneno kama hayo walikuwa wengi kuliko wao wenyewe walivyojua. Mishahara ya wafanyakazi wa shaba ilikuwa ikikosekana miezi na miezi. Baba yake Blandine, Papa Damas, aliyekuwa amefanya kazi miaka kumi na minane kwenye karakana ya kusafishia shaba, sasa alilima kabichi nyuma ya nyumba. Akina mama waliokuwa wakishonesha kikwembe kipya, vazi la kitenge, kila sikukuu hawakuja tena kwa Tantine Julie. Cherehani ilikaa kimya pembeni mwa sebule, imefunikwa shuka kama mgonjwa.

Ndipo akatokea Papa Kabamba, mfanyabiashara wa Kambove. Alitaka kuinunua cherehani hiyo. Tantine Julie alimwomba subira hadi Jumatatu baada ya kermesi, tamasha la parokia la Jumapili. Katika sikukuu hiyo, Mama Madeleine, kiongozi wa akina mama wa parokia, alikuwa amempa robo saa mbele ya watu wote. Blandine angepita mara saba, na mavazi saba, jinzi moja. Akina mama wangeona kwamba shati kuukuu la mume na kipande cha kitenge kilichosahauliwa kabatini vinaweza kugeuka nguo ya heshima, kama kuna fundi wa kuvigeuza. Kama wangeleta kazi, cherehani ingebaki. Kama wasingeleta, Papa Kabamba angeichukua.

"Basi mambo yote iko juu ya magoti yangu," Blandine alisema.

"Iko juu ya jinzi," Tantine Julie alimjibu. "Weye tembea tu, kichwa juu. Na hii jinzi ni mikononi mwako mpaka Siku ya Mungu. Uitunze."

Siku ya Alhamisi, Jessy alimkuta Blandine akifanya mazoezi ya kutembea kando ya kisima cha mtaa.

"Unatembea muzuri," Jessy alisema. "Kiuno kizuri, kila kitu kizuri. Lakini magoti!"

"Magoti iko na nini?"

"Yamekuwa meupe, ndugu yangu. Meupe kama bukari. Ukisimama pale mbele, mama wote wa parokia watasema, 'Huyu mutoto alikuwa anapiga magoti mu unga.'"

Ulikuwa utani tu wa magoti na ugali, na Jessy aliusahau kabla hajafika kwao. Blandine hakuusahau. Aliingia chumbani, akaitandika jinzi kitandani, akaitazama. Ni kweli, magoti na mapaja yalikuwa yamepauka. Asubuhi ileile alikuwa ameiona kuwa jinzi nzuri kuliko zote za Likasi. Sasa hakuona kitu kingine ila ule weupe.

Juu ya kabati la baba yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake Papa Damas alihifadhi ukumbusho wa kazi yake: mawe madogo ya chumvi ya shaba, yanayong'aa kama vioo, ya buluu kali kuliko mbingu ya mwezi wa sita. Wanawe walikuwa wamekatazwa kuligusa kopo hilo. Lakini Blandine aliwahi kumsikia akisimulia jinsi mawe hayo yanavyoyeyuka katika maji, na maji yote yakawa buluu. Akafikiri: kama yanageuza maji kuwa buluu, kitambaa kitashindaje?

Mama yake, Mama Alphonsine, alikuwa sokoni. Tantine Julie alikuwa kwa Mama Madeleine. Baba alikuwa kwenye kabichi. Beseni la kufulia lilikuwa limepasuka, kwa hiyo Blandine akachukua beseni la plastiki la jikoni, lile la kuoshea mboga. Alimimina mawe yote ya kopo, akatia maji ya moto, akakoroga kwa kijiti. Maji yakawa buluu ya kupendeza hata akacheka peke yake. Akatumbukiza jinzi, akaificha nyuma ya choo, akakaa kuilinda kwa saa mbili nzima.

Ilipotoka majini ilikuwa buluu kweli. Lakini jua lilipoanza kuikausha, ile buluu ikapungua, na juu ya kitambaa pakabaki unga mweupe-mweupe. Labda inataka sabuni, alifikiri Blandine. Akasugua kwa kipande cha sabuni, na hapo mapaja yote mawili yakafanya mabaka ya kijani, kama ukuta wa chooni wakati wa mvua. Aliposugua zaidi, kijani kikaongezeka. Akaivaa mbichi ili aone kama mtu anaweza kuyagundua kutoka mbali. Zipu ilikwama katikati. Alipoivuta kwa nguvu, meno yake matatu yalianguka kama ya mzee. Na miguu ikaanza kumwasha.

Alisikia lango likilia. Mama alikuwa amerudi. Blandine aliivua jinzi haraka, akavaa sketi, akamwaga yale maji nyuma ya choo, akalisuuza beseni mara moja tu, kwa sababu maji ya ndoo yalikuwa yamekwisha na bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi, na kwenda kisimani kungechukua muda. Akalirudisha jikoni. Jinzi aliisukuma chini ya kitanda.

Akili yake ilifanya kazi upesi. Atasema imeibwa kwenye kamba. Siku hizi nguo nyingi zinaibwa kwenye kamba. Jessy angeapa kwamba aliiona ikianikwa. Tantine Julie angelia, lakini asingemkasirikia. Ulikuwa uongo uliokamilika, hauna tundu hata moja, na Blandine aliuona umekaa tayari kinywani mwake.

Kutoka jikoni alimsikia mama yake akiimba. Alichungulia. Mama Alphonsine alikuwa amekwisha kununua ndoo ya maji kwa jirani, na sasa alikuwa akifungua fundo la lengalenga. Beseni la mboga lilikuwa mbele yake. Maji yalikuwa yamo tayari. Katika kona ya beseni, pale plastiki inapojikunja, palibaki mstari mwembamba wa buluu.

Blandine alijua kwamba akisema, "Mama, usitumie beseni lile," ataulizwa sababu. Na akishatoa sababu, ule uongo wa mwizi umekufa. Wadogo zake wawili walikuwa wakicheza mlangoni, wakingoja chakula. Mkono wa mama ukainua lengalenga.

"Mama, acha!" Sauti ilimtoka kabla hajamaliza kufikiri. "Usitie mboga mu ile beseni! Nilitiamo mawe ya buluu ya Papa!"

Mama Alphonsine alibaki na mboga mkononi. "Nini? Mawe gani?"

"Ya mu kopo. Nilitaka kurudisha rangi ya jinzi. Nimeiharibu, Mama. Iko chini ya kitanda. Nilitaka niseme imeibwa."

Mama yake hakumgombeza. Alilisukuma beseni mbali na wadogo kwa mguu, akaweka mboga juu ya meza, akatoka mlangoni. "Damas! Kuja hapa! Kuja mbio!"

Papa Damas alikuja na udongo mikononi. Aliposikia, hakuuliza habari ya jinzi. Aliuliza, "Nani amekula? Nani amekunywa? Uliingiza vidole mdomoni?" Aliposikia hapana, hapana na hapana, alipumua. Ndipo alipoiona miguu ya Blandine, myekundu, yenye alama za kucha.

"Ile kitu ni sumu, mwana," alisema akimmwagia maji ya ndoo kuanzia mapajani mpaka vidoleni. "Kazini tulivaa mabuti na glavu. Minye njo niliyekosea pia. Sumu haiwekwi mu kopo la maziwa, hata kama ni ukumbusho. Osha tena. Tena!"

Beseni alilitoboa kwa kisu papo hapo ili lisitumike tena kwa chakula. Pale yalipomwagwa maji alichota udongo, akaufukia shimoni mbali na kisima na kabichi. Alipomaliza yote hayo ndipo akasema, "Sasa lete ile jinzi."

Tantine Julie alikuwa amerudi. Alisimama mlangoni, na kwa uso wake mtu angejua kwamba amekwisha kuambiwa. Blandine aliitandaza jinzi mbele yao. Hakuweza kumtazama shangazi yake.

"Tantine, uliniambia niitunze. Sikuitunza. Unisamehe."

Tantine Julie alisogea karibu. Alipitisha kidole juu ya mabaka ya kijani, akaigusa zipu iliyong'oka meno. Papa Damas yeye alikuwa ameinama juu ya kiuno. Kifungo cha jinzi, ambacho asubuhi kilikuwa cha chuma cha kijivu, sasa kilikuwa chekundu, chekundu cha shaba mpya.

"Ona!" alisema, na kwa mara ya kwanza mchana ule sauti yake ilikuwa na furaha. "Julie, ona kifungo! Chuma kikiingia mu maji ya buluu, shaba inatoka majini inakivaa. Kazini tulitupamo vyuma vikuukuu kusudi kuikamata. Huyu mutoto amefungua kiwanda nyuma ya choo!"

"Yaya Damas, minye nataka kulia, na weye unacheka," Tantine Julie alimlalamikia kaka yake. Lakini na yeye aliinama kukitazama.

"Kijani kitatoka," Papa Damas alisema. "Kinaogopa kitu chachu. Tafuteni ndimu. Ila ile buluu ya magotini haitarudi. Ile chumvi si rangi ya kitambaa, haikuwa hata siku moja. Ungeniuliza, mwana, ningekuambia mu dakika moja."

Tantine Julie alinyoosha mgongo. Alikuwa amekwisha kurudi katika akili yake ya fundi. "Bon. Leo ni Alhamisi. Blandine, weye utakamua ndimu. Utavaa mifuko ya plastiki mikononi. Utasuuza mpaka nikuambie basi. Maji utakwenda kuyateka weye mwenyewe."

Blandine aliteka ndoo tisa siku ile na kumi na moja Ijumaa, na maji machafu yote aliyabeba mpaka kwenye shimo la baba yake. Ndimu zilitoka kwenye mti wa akina Jessy. Jessy alipojua sababu, alijipiga kofi la mdomo. "Kumbe ni minye na ule utani wa bukari!" akasema, akashika ndoo moja.

Kijani kilitoka. Palibaki mapaja yaliyopauka zaidi kuliko mwanzo, na kitambaa kilichokuwa kimechoka. Jumamosi asubuhi Tantine Julie aliondoa shuka juu ya cherehani. Alichukua ovaroli ya zamani ya Papa Damas, ile ya buluu nzito ya kazini, akakata viraka viwili virefu vya kufunika mapaja na magoti, akavishona kwa mistari miwili ya uzi wa njano, sambamba, bila kuyumba. Mahali pa zipu alitia vifungo vinne vya suti ya zamani. Kifungo chekundu alikipiga brashi, akakiacha mahali pake.

Blandine aliivaa, akatazama kwenye kioo cha kabati. Haikuwa jinzi ya awali. Ilionekana kama nguo ambayo mtu aliifikiria tangu mwanzo iwe vile.

Siku ya kermesi, uwanja wa parokia ulijaa. Blandine alipita kwanza na fulana nyeupe, nguo ya kila siku ya nyumbani. Akapita na shati la kaki lililofungwa fundo, la kwenda sokoni. Kwa blauzi ya kitenge, akina mama walianza kunong'onezana. Vazi la nne lilikuwa sweta ya shule iliyotupwa mabegani kwa ajili ya asubuhi za baridi, na la tano koti la suti ya Papa Damas lililopunguzwa mabega, mikono imegeuzwa ili bitana yenye mistari ionekane. Hapo vijana wakapiga mluzi. Mara ya sita alikuja na blauzi nyeusi na kitambaa chekundu shingoni, cha rangi ya kifungo. Mara ya saba, alikuwa amejifunga kikwembe juu ya jinzi, kinachofika kwenye kifundo cha mguu, na kitambaa chake kichwani, namna ya kwenda kusalimia wakubwa. Ni ncha tu za jinzi zilizochungulia chini. Wazee waliokuwa wamekunja uso tangu mwanzo, kwa kuwa hawakupenda msichana avae suruali, wakapiga makofi na wao.

"Mwana," Mama Madeleine aliita kutoka kiti cha mbele, "vile viraka ni vizuri. Lakini ile kifungo umeitoa wapi? Lubumbashi?"

Watu walisogea wasikie. Kusema "ndiyo, Lubumbashi" kungekuwa rahisi, tena kungependeza. Blandine alimtazama Tantine Julie, ambaye hakumpa ishara yoyote.

"Hapana, Mama. Niliharibu jinzi ju ya kutaka kuipaka buluu na chumvi ya shaba ya Papa. Viraka vinafunika makosa yangu. Kifungo iligeuka yenyewe. Na musijaribu, inachoma ngozi, ni sumu. Aliyeitengeneza jinzi mpaka ikavalika tena ni Tantine Julie."

Uwanja ulicheka kwa sauti kubwa, kicheko cha watu wanaojua shaba na maji yake. Mama Madeleine alijipangusa macho. "Basi kama anaweza kuponya ile," alisema, "minye niko nayo suruali ya mume wangu, mgonjwa kuliko hiyo."

Jumatatu asubuhi Papa Kabamba alifika na mkokoteni wa kubebea cherehani. Hakuweza kuufikisha mlangoni. Akina mama tisa walikuwa wamekaa uani, kila mmoja na furushi mapajani: mashati, makoti, vitenge vilivyokatika, ovaroli za kazi ambayo haikuwapo tena. Ndani, cherehani ilikuwa ikikimbia. Alisimama akasikiliza kidogo, kisha akaitazama suruali yake, iliyokuwa imechanika mfukoni tangu njia ya Kambove.

"Fundi," aliita, "na wanaume pia wanapanga foleni?"

"Nyuma ya Mama Madeleine, Papa," Tantine Julie alijibu bila kuinua kichwa.

Jioni ile, walipokuwa wakila bukari na lengalenga iliyooshwa katika beseni jipya, Papa Damas alimgeukia binti yake.

"Blandine, nikuambie mambo mawili, halafu hatutasema tena. La kwanza: usipojua kitu, uliza mwenye kukijua. Minye niliyeshika ile chumvi miaka kumi na minane nilikuwa hatua hamsini kutoka kwako, ndani ya kabichi. La pili: ungesema jinzi imeibwa, tungekuamini. Tungeosha mboga mu lile beseni, tukakula. Ukweli wako ulikuumiza weye kidogo, ukatulinda sisi wote. Nguo ikiharibika iko na fundi. Wadogo zako hawana wa kuwashona."

Blandine aliitikia kwa kichwa.

Kesho yake, saa saba mchana, alitundika sare kwenye msumari, akavaa jinzi, akafunga kifungo chekundu, akatoka uani mikono imeshika kiuno.

"Eh, Blandine!" Jessy aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Leo uko wa ngapi mu wale saba?"

"Leo?" Blandine alifikiri kidogo. "Leo niko wa nane. Kuja umwone."